Nyayo Penye Haidrenjia

Garissa, 14 Juni 2025

Edo Kinsi, dada pekee wa marehemu baba,

Assalaamu alaykum. Kabla sijakuuliza hali, jua unaandikiwa na mtu ambaye angezaliwa mapema kidogo, Mto Tana ungeitwa Mto Guleid. Sijisifu, watu ndio wanasema. Watu wenyewe ni mimi na Siyad, lakini Siyad hajawahi kusema uongo tangu apate kazi ya kuosha magari. Ati niliacha shule kidato cha pili? Walimu ndio waliishiwa na vitu vya kunifundisha, mimi nikawaonea huruma nikaondoka.

Hapa nyumbani ni wazima. Mbuzi wanne wazima, yule wa pembe moja bado anajiona afisa. Paka amezaa ndani ya kartoni la vitabu vyako vya Kiswahili. Amechagua mwenyewe, mimi sikumwonyesha. Na mwanao Ruweyda hali yake vipi huko Nairobi? Mwambie binamu yake anamwombea. Mwambie pia awashukuru madaktari, maana mimi wakinipa amri ya kulala mpaka mtoto azaliwe nitaitii bila kunung'unika.

Sasa mambo yetu. Simu ulikataa, ukasema kwenye simu nakuchekesha mpaka unasahau swali. Picha pia ulikataa, ukasema naweza kupiga ua la mtu mwingine. Ukataka barua ya mkono, ipitie ofisi ya basi, iwe ya Kiswahili sanifu, ati ndiyo mazoezi. Haya, mwalimu, hii hapa.

Masharti nayakumbuka. Miche mitatu ya haidrenjia, ile uliyoipakata kutoka Limuru kama watoto wachanga, ukaipanda mwenyewe chini ya mwarobaini. Ukirudi uikute hai yote mitatu, nabaki Garissa na unaniandikisha shule ya udereva wa lori. Hata mmoja ukikauka, narudi Ijara kuchunga ng'ombe wa adeer Yarow. Na adeer Yarow, Edo, unamjua ndugu yako. Husema neno moja kwa siku, na hilo moja humwambia ng'ombe.

Kwa hivyo sikiliza mbinu yangu. Mmea ni mnyama aliyesimama mahali pamoja, basi. Ijara ng'ombe hunywa siku ya tatu, jua la utosi, mpaka tumbo lilie ngoma. Ng'ombe wa kulambalamba maji kila siku huwa mlegevu. Na haidrenjia zako hivyo hivyo: siku ya tatu, saa sita mchana, ndoo nzima kila mmoja. Nimezijengea boma la miiba. Nimezitia mavi ya mbuzi mabichi, bado ya moto. Wallahi zimenona! Maua ni ya buluu mpaka wapita njia wanauliza kama nimeyapaka rangi.

Jambo moja tu linanikuna. Mavi niliyaweka Jumatatu. Jumatano hayapo, pamefagiliwa safi. Edo, nani duniani anaiba mavi?

Wako mwenye macho manne,
Guleid


Nairobi, 3 Julai 2025

Kwako Guleid, mwana wa kaka yangu,

Waalaykum salaam. Barua imefika ikiwa na alama ya kidole cha mafuta. Nashukuru hukula mandazi yote juu yake.

Ruweyda yuko mwezi wa tano. Presha inapanda na kushuka, daktari hataki hata aoshe kikombe. Mumewe yuko kazini Mombasa, kwa hiyo mwuguzi ni mimi, mpishi ni mimi, na wa kununiwa ni mimi. Baridi ya huku inaingia mpaka kwenye magoti. Alhamdulillahi.

Nimesoma mbinu yako mara mbili, mara ya pili nimesimama. Haidrenjia haichungwi, Guleid. Hunywa kila siku, alfajiri, maji yamwagwe shinani polepole na si juu ya majani. Jua likipanda hufunikwa. Mavi mabichi huunguza mizizi kama makaa. Hutiwa yale yaliyokaa yakawa udongo. Na ukimwaga ndoo mchana, maji ya lile tangi jeusi yakiwa moto, unaichemsha kama kabeji.

Kwa hayo uliyoyaandika, miche yangu ingekuwa imekufa wiki ya pili. Nawe unasema imenona. Moja kati ya hayo ni uongo. Nimesahihisha madaftari miaka ishirini na miwili, najua uongo unavyokaa kwenye karatasi: mstari unaanza kuinama.

Mavi yaliyoondoka yaache yaondoke. Mwagilia kama nilivyosema. Nisalimie Ayeyo Sahara, bibi jirani yetu, wala usimsumbue.

Edo yako,
Kinsi


Garissa, 22 Julai 2025

Edo yangu mkali,

Salamu kwanza, hasira baadaye. Natumai presha ya Ruweyda imeshuka, maana yangu imepanda. Ati mstari unainama? Barua hii nimeipigia mistari kwa rula ya Siyad. Tafuta pa kuinama.

Nyumbani ni kuzuri. Paka amehamisha watoto kutoka kwenye vitabu vyako, nadhani wamemaliza kusoma. Mbuzi wa pembe moja aliingiza kichwa kwa jirani, akatolewa kwa mwiko.

Mbinu sijabadilisha, kwa sababu mbinu inafanya kazi. Mtu habadilishi dereva gari likiwa linakwenda. Lakini Edo, hapa nyumbani kuna mkono wa mtu, na ninakwambia nikiwa sicheki.

Kwanza, gunia. Nilitupa gunia kuukuu pembeni mwa boma, kavu kabisa. Naamka, nalikuta limetandazwa juu ya miche, limelowa. Mimi sijalilowesha. Mvua haijanyesha. Umande wa Garissa unaujua, hauwezi kulowesha hata ulimi wa mjusi.

Pili, ua jipya limefunguka, na si la buluu! Ni la waridi, rangi ya mtandio wa Kowsar wa dukani. Ulipanda buluu, linatoka waridi. Ng'ombe mweusi akienda malishoni akarudi mwekundu, mchungaji husemaje? Husema huyu si wangu, nimebadilishiwa. Yuko mtu anang'oa zako anapanda zake.

Nimewaza nani. Ukuta wa mabati una kamlango kamoja, na upande wa pili yuko Ayeyo Sahara. Ni ajuza, mjane, anatembea akivuta mguu, najua yote hayo. Lakini huyo ndiye mtaa mzima unamwekea amana. Mwanamke akisafiri, ufunguo kwa Sahara, dhahabu ya harusi kwa Sahara. Pale ukutani kwake kuna misumari imejaa funguo kama duka. Wako wa akiba uko pale pale. Sasa mtu mwenye funguo za nyumba arobaini, ukikosa kitu unaanza kumuuliza nani?

Na wewe pia nakuuliza. Barua yangu ya kwanza sikumtaja Sahara hata herufi. Mbona ukaniambia nisimsumbue?

Guleid, asiyelala


Nairobi, 12 Agosti 2025

Guleid,

Salamu. Ruweyda anasema rula imesaidia. Mtoto anapiga teke sasa, usiku hatulali, lakini ni furaha.

Hakuna aliyebadilisha kitu. Haidrenjia hufuata udongo. Limuru udongo wake ni mchachu, ndiyo maana ua ni la buluu. Wetu wa Garissa una chokaa, na maji ya kisima yana chumvi, basi ua linalozaliwa hapo huwa la waridi. Mmea ni ule ule. Nilipoipanda nilijua kwamba buluu haitadumu.

Ayeyo Sahara nilimtaja kwa sababu ni jirani na jirani husalimiwa. Ana funguo zangu tangu Ruweyda hajaota meno, na hata sindano haijapotea. Nafunga habari hiyo.

Usivizie, usilinde. Alfajiri ukishaswali rudi ulale kama kawaida yako.

Kinsi


Garissa, 31 Agosti 2025

Edo Kinsi,

Assalaamu alaykum, mtoto wa Ruweyda apige teke mpaka azaliwe mchezaji. Adeer Yarow ametuma maziwa na salamu. Salamu zilikuwa neno moja.

Haya, udongo nimeukubali nusu. Lakini wewe, Edo, wewe uliyekuwa unanimwagia maji usoni nikilala baada ya alfajiri, leo unaniambia nirudi nilale? Tangu lini? Hapo ndipo nilipojua kuna kitu.

Sasa shika kiti. Mimi shule sikumaliza, lakini kuna daftari moja nalisoma kuliko profesa, nalo ni mchanga. Adeer Yarow alinifundisha. Ng'ombe akipotea, nakwambia alipita lini, ana mimba au hana, na aliyekuwa akimswaga alikuwa na njaa au ameshiba. Basi nikachukua tawi la mwiba, jioni nikasawazisha mchanga kuzunguka miche mpaka ukawa laini kama unga. Asubuhi nikasoma.

Kandambili za plastiki. Kisigino cha kushoto kimelika. Mguu wa kushoto unaburuta, unaacha mkia kama wa kenge. Zinatoka kwenye kamlango, zinafika kwenye miche, zinasimama, zinarudi. Siku tano mfululizo! Siku ya tano kichwa kimoja cha ua hakipo, kimekatwa kwa kisu, tena vizuri.

Nimemaliza kesi, au sijamaliza? Dukani kwa Salah nilikuta wanaume wamekaa, nikawaambia: "Mwizi wa Edo yangu nimemsoma mguu." Salah akasema, "Warya, we kijana, hata jina lako husomi." Wakacheka wote. Nikawaambia Ijumaa moja si mbali, nitamtaja mbele ya msikiti, na asipokuwa yeye nitafagia duka la Salah mwaka mzima. Hawakucheka tena.

Nijibu haraka. Unamjua aliyevaa kandambili hizo au humjui?

Guleid


Garissa, 21 Septemba 2025

Edo,

Salamu nyingi. Hujajibu. Wiki tatu. Nilipiga simu ikawa imezimwa. Natumai Ruweyda ni mzima, inshallah.

Sikungoja. Watu kila siku wananiuliza, "Profesa wa mchanga, Ijumaa yako lini?" Hata watoto. Basi Ijumaa hii, baada ya Alasiri, Mzee Alio, msuluhishi wa mtaa, alimwita Ayeyo Sahara kivulini nje ya msikiti. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotaka. Nilieleza mavi, gunia, kichwa cha ua, nyayo. Nilieleza vizuri sana, ungenipa alama zote.

Mzee Alio akamuuliza, "Uliingia kwenye uwanja wa Kinsi?"

Akasema, "Niliingia."

"Siku ngapi?"

"Nyingi."

"Kufanya nini?"

Akawa anafunga na kufungua pindo la mtandio. Mzee akamwambia, "Basi apa kwa Kitabu kwamba hukuchukua kitu, tumalize, turudi nyumbani." Akasema, "Kinsi akirudi mtaniuliza mbele yake. Leo siapi." Akainuka. Mguu ule ulichukua muda kuinuka.

Unajua kwetu mtu akiambiwa aape akakataa watu husema nini. Hakuna aliyemtukana, Edo. Walinyamaza tu. Kesho yake asubuhi mke wa Salah akaenda kuchukua ufunguo wake. Akafuata mwingine. Mpaka adhuhuri niliona kumi na mmoja, kila mmoja akimwambia ufunguo una kutu, ati anaupeleka ukatiwe mafuta.

Kamlango nimekafunga kwa waya. Miche imelegea kidogo. Ni joto tu.

Nimeshinda, kwa hivyo sina mengi.

Guleid


Nairobi, 9 Oktoba 2025

Guleid,

Ruweyda alipasuliwa tarehe mbili Septemba, kabla ya wakati. Mtoto ni msichana, tumemwita Ramla, alikaa kwenye mashine siku ishirini na sita. Simu yangu sikujua hata iko wapi. Barua zako mbili nilizikuta pamoja juu ya friji jana, nikazisoma moja baada ya nyingine. Nimekupigia mara saba. Unaona jina langu, hushiki.

Mimi ndiye niliyemtuma.

Siku niliyoondoka nilimwambia Sahara: kijana ataua miche hii kwa ujuzi wake. Alfajiri yeye akiwa amelala, ingia, uimwagilie, uifunike. Akikosea, rekebisha. Wala usimwambie, asije akajiona haaminiwi akaacha kabisa. Nilitaka miche yangu ipone na wewe upate udereva, nikajiona nina akili kuliko wote. Kile kichwa cha ua bila shaka kilikuwa kimenyauka. Kilichonyauka hukatwa, ndiyo kazi.

Akaniahidi. Ndiyo maana hakusema. Na hakuapa kwa sababu ile nyumba aliingia bila wewe kujua, na yeye hawezi kushika Kitabu akasema nusu ya jambo. Mimi nilipaswa kukwambia Julai. Uliniuliza wazi, nami nikakujibu habari za chokaa. Sehemu hiyo ni yangu, na nitaibeba.

Nimempigia Sahara. Simu haipatikani. Nimempigia Mzee Alio, nimemweleza yote. Amesema, "Maneno yametangulia, Kinsi. Sasa tutayakimbiza kwa mguu."

Miche ikifa, ife. Habari ya Ijara tutaongea nikirudi. Lakini swali moja nataka jibu lake kwa mkono wako. Nyayo za alfajiri ulizisoma siku tano. Wewe, mwana wa mchungaji, unayejua kwamba alama humwonyesha aliyepita tu, hukuamka hata siku moja ukaangalia huyo mtu anafanya nini?

Kinsi


Garissa, 2 Novemba 2025

Edo Kinsi,

Assalaamu alaykum. Karibu duniani, Ramla. Mwambie akikua asije akapokea ushauri wa mimea kwangu.

Barua yako nimekaa nayo mfukoni wiki tatu. Simu naiona ikilia, nilikuwa naiweka chini ya godoro.

Nikupe hesabu kwanza. Mche wa kwanza umekufa, umekauka ukawa kama fimbo ya mswaki. Wa pili una jani moja na jani lenyewe halijaamua. Wa tatu uko hai, namwagilia alfajiri shinani kwa kikombe, nafunika gunia saa tatu. Kwa masharti yetu nimeshindwa, na Ijara nitakwenda bila kuburutwa. Siyad amesema atakuja kunitembelea. Anadanganya, mara ya kwanza.

Mzee Alio alisimama Ijumaa iliyofuata simu yako akawaeleza watu maneno yako, kwamba Ayeyo alikuwa ametumwa na mwenye nyumba. Wengine walilia. Mke wa Salah alimrudishia ufunguo wake na sahani ya tende. Ayeyo akachukua tende, ufunguo akaukataa. Akasema, "Umeshautia mafuta, mama, baki nao." Amekataa funguo zote. Hata wako aliung'oa kwenye msumari akanipa mkononi.

Jumatatu iliyopita amehama. Amekwenda Rhamu kwa binti yake Habibo, amesema pale kuna mto na mashamba na hajulikani na mtu. Mimi ndiye niliyembebea godoro mpaka kwenye lori. Nikamwambia mche wa tatu uko hai. Akaniuliza, "Unafunika saa ngapi?" Nikasema saa tatu. Akasema, "Saa mbili. Saa tatu ushachelewa." Kisha lori likaondoka.

Watu hapa wananihurumia. Wanasema kijana hakujua, wakubwa walimficha, alitetea mali ya Edo yake. Salah hata amekataa nimfagilie duka. Na wewe kwenye barua yako umebeba sehemu kubwa ukaniachia ndogo. Ningeweza kuichukua hiyo ndogo nikanyamaza, mstari ukawa umenyooka kabisa.

Lakini umeuliza swali.

Niliamka. Siku moja. Ilikuwa Ijumaa ile ile, alfajiri, nilijificha nyuma ya tangi ili nimkamate akiwa na kisu mkononi. Alikuja na kopo la Kimbo lililojaa maji. Alikaa chini, ule mguu ukiwa umenyooka mbele kwa sababu haukunjiki. Akatoa mavi yangu kwa vidole, kipande kimoja kimoja, akachota maji kwa kiganja, akasema Bismillah, akamwagia shinani. Kila mche hivyo. Halafu akauambia mmoja kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza ndama, "Kunywa, mama, kunywa. Huyu mtoto akifaulu atapata kazi."

Nilikuwa karibu kiasi cha kumshika bega. Nilielewa kila kitu hapo hapo, Edo. Nikarudi kitandani kwa vidole vya miguu.

Halafu Alasiri nikaenda msikitini, kwa sababu nilikuwa nimeshawaambia watu wote kwamba nitakwenda. Mzee Alio alipomuuliza, "Kufanya nini?", yeye alinyamaza, na kabla hajainamisha kichwa aliniangalia mimi.

Nilikuwa najua jibu. Nami nikaangalia chini.

Guleid